Plagi Nyeusi Isitupwe Kabla ya Kusomwa

Datsun 240Z likipita barabara ya Malindi, watu wa Kisauni hugeuza shingo. Boneti ni ndefu, paa ni la chini, na ngurumo ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja haichanganyiki na mlio wa Probox wala Noah. Lakini mwenye sikio la ufundi husikia na jambo la pili. Gari likiingia kwenye foleni na kuanza kutambaa kuelekea Mjambere, injini hukatakata, moshi mweusi hutoka nyuma, na harufu ya petroli mbichi hubaki hewani. Kesho yake gari liko gereji. Plagi zinafunguliwa, zinakutwa nyeusi tititi, na hukumu inatolewa papo hapo: plagi zimekufa, nunua nyingine. Wapo hata wanaoshauri zinunuliwe za moto zaidi ili ziyachome hayo masizi.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na mara nyingi inamwacha mkosaji halisi akiendelea kukaa chini ya boneti. Plagi nyeusi imeeleza kilichotokea ndani ya silinda. Kuitupa bila kuisoma, kisha kuweka ya moto ili isichafuke tena, ni kuuficha ugonjwa, na wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa injini ya gari la zamani, kilio hicho ni pistoni iliyotoboka.

Magari haya si wageni katika nchi hii. 240Z lilitoka Japani mwishoni mwa 1969 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU ya Uingereza. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya magari ya Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alirudia ushindi huo baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Kabla yao, mwaka 1962, Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen ya kobe, yaani Beetle. Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort mwaka 1972, na Joginder Singh kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na tena 1976. Injini zote hizo zilinyweshwa petroli na kabureta. Tangu 2003 yamekuwepo mashindano ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki, na mara kadhaa msafara umekuwa na kambi yake katika hoteli ya Whitesands kule Bamburi, jirani kabisa na Mjambere. Ian Duncan, Mkenya, aliyashinda kwa Ford Mustang mwaka 2009 na kwa Ford Capri mwaka 2013.

Kwa hiyo hapa pwani wapo watu wenye magari haya, wapo mafundi wanaoyashika, na upo mkusanyiko wa ujuzi uliopatikana kwa jasho. Jambo linalopungua ni subira ya kuchagua plagi kwa hesabu.

Plagi ina kazi mbili, na watu wengi huijua moja tu. Ya kwanza ni kutoa cheche. Umeme wa volti 12 wa betri hupandishwa na koili hadi volti elfu nyingi, mara nyingi zaidi ya 20,000, ukaruka mwanya usiofika milimita moja. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche 50 kwa sekunde, na zote sita kwa pamoja 300. Kazi ya pili ni kutoa joto nje ya chumba cha mwako. Ncha ya kauri nyeupe iliyo ndani ya silinda lazima iwe na moto wa kutosha kujisafisha masizi, kwa kawaida kuanzia nyuzi 450 hivi za Selsiasi, lakini isifike mahali pa kuwaka yenyewe kama kaa la jikoni, jambo linaloanza kunukia ikipita nyuzi 850. Ikifika huko, petroli huwashwa na ncha hiyo kabla ya cheche, pistoni ikiwa bado inapanda. Dakika chache za hali hiyo kwenye mwendo mkubwa zinatosha kuyeyusha aluminiamu.

Hapo ndipo maana ya plagi ya moto na plagi ya baridi inapokaa. Plagi ya moto haitoi cheche kali zaidi. Kauri yake ya ndani ni ndefu, kwa hiyo joto huchelewa kutoka kuelekea kwenye hedi. Ya baridi kauri yake ni fupi, na joto hutoka haraka. Anayenunua plagi ya moto akidhani anaongeza nguvu ya gari hapati nguvu yoyote. Anachopata ni ncha inayohifadhi joto zaidi, basi.

Sasa itazamwe safari ambayo kila mwenye gari la michezo Mombasa huitamani: kupanda Nairobi. Kabureta imetengenezwa gereji ya Kisauni, usawa wa bahari, hewa nzito. Gari linapita Mariakani, Voi, Mtito Andei, na kila saa linapanda. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko la Mombasa. Likiendelea hadi Timboroa, linafika zaidi ya mita 2,700. Kabureta haina ubongo wa kujua hayo. Jeti ni tundu la shaba, na tundu halibadiliki kwa sababu hewa imekuwa nyepesi. Petroli huendelea kumiminika karibu kama ilivyokuwa pwani, hewa ikiwa haba, na mchanganyiko unazidi uzito. Plagi zinatoka nyeusi, kavu, zenye unga kama wa chungu cha kuni.

Fundi wa Nairobi anayeweka plagi za moto zaidi amefaulu kwa siku tatu. Injini haikatikati tena. Kisha mwenye gari anarudi nyumbani pwani. Anateremka kuelekea Voi mchana wa jua, barabara imenyooka, mguu umekaza, hewa inazidi kuwa nzito kila kilomita na mchanganyiko unarudi kuwa mwepesi. Plagi zile zilizochaguliwa kwa ajili ya masizi ya Nairobi sasa ziko ndani ya injini inayochemka. Hakuna kengele itakayolia. Kutasikika kugongagonga kwa mbali kama karanga zinazokaangwa, na kama redio iko juu, hata hilo halitasikika.

Waliotengeneza magari ya Safari walilijua tatizo hili, kwa maana njia za mashindano zilipanda na kushuka hivyo hivyo. Dawa yake iko kwenye kabureta. Kwenye SU na jamaa zake, nati iliyo chini ya kabureta hushusha au kupandisha jeti, na mizunguko michache tu hubadilisha kila kitu. Kwenye kabureta za Weber za aina ya DCOE, jeti hufunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa moja baada ya nyingine. Plagi inabaki ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Huo ndio msimamo wa makala haya: plagi ya kitabuni kwanza, kabureta irekebishwe kuifuata, na kiwango cha joto kibadilishwe tu pale injini yenyewe ilipobadilishwa, kwa mfano ikiongezewa mgandamizo au ikiandaliwa kwa mashindano.

Kwa 240Z isiyoguswa, chaguo linalojulikana ni NGK BP6ES. Herufi hizo hazikupangwa kwa pambo. B ni unene wa nyuzi za kufungia, milimita 14. P ni kauri iliyochomoza nje kidogo, ambayo hupata joto mapema kwenye mwendo mdogo na hupoozwa na hewa mpya inayoingia kwenye mwendo mkubwa, sifa nzuri kwa gari linalopita kwenye foleni na barabara kuu siku moja. 6 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. S ni plagi ya kawaida yenye kiini cha shaba. Ikiongezwa R, ikawa BPR6ES, ndani yake kuna kizuizi cha umeme kinachopunguza mikwaruzo kwenye redio.

Hatari ya kwanza iko kwenye ile namba. Kwa NGK na Denso, namba ikikua plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume chake, namba ikikua plagi inakuwa ya moto zaidi. Mwenye gari la MGB aliyezoea Champion N9Y akikosa dukani akapewa N12Y, amepewa plagi ya moto zaidi. Mwenye Datsun akitoka NGK 6 akapewa 7, amepewa ya baridi. Muuzaji anayesema tofauti ni namba tu hajakosea kuhusu umbo, kwa sababu zote zitaingia tunduni. Zitafungwa vizuri kabisa.

Hatari ya pili ni ile E. Volkswagen ya kobe hutumia plagi ya nyuzi fupi, milimita 12.7, ambayo NGK huiandika H, kama B6HS. Unene ni ule ule wa milimita 14, kwa hiyo plagi ya Datsun huingia kwenye Volkswagen bila kulalamika. Lakini nyuzi zake za ziada hutokeza ndani ya chumba cha mwako, hupata moto, hugandwa na kaboni, na pengine hukutana na pistoni. Kinyume chake, ile fupi ikifungwa kwenye hedi ya Datsun, nyuzi za hedi zilizobaki wazi hujaa kaboni, na siku plagi sahihi itakaporudishwa itakwama njiani na kula aluminiamu. Kabla ya kufunga, plagi mpya ishikwe sambamba na ya zamani, nyuzi kwa nyuzi, washa kwa washa. Ni kazi ya sekunde tano.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata mafundi wazoefu, nalo lina mizizi hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963 na kusimamisha usafishaji 2013, kilitoa petroli yenye risasi kwa miaka mingi. Kenya iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, pamoja na karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, kufuatia azimio la Dakar la 2001. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Ni heri kubwa, kwa sababu risasi ile ilikuwa ikidhuru ubongo wa watoto. Lakini vitabu vya magari haya viliandikwa enzi ya risasi, na picha zake zinaonyesha plagi nzuri ikiwa na rangi ya kahawia kama biskuti. Rangi hiyo kwa sehemu ilitokana na viungo vya petroli ya wakati ule. Petroli ya leo huiacha kauri ikiwa nyeupe zaidi, au na kijivu hafifu, hata kabureta ikiwa sawasawa. Fundi anayeitafuta rangi ya kitabuni huishia kufungua jeti zaidi na zaidi, gari linakunywa petroli, plagi zinaingia masizi, na mzunguko unaanza upya.

Leo plagi husomwa kwa kuchungulia chini kabisa, pale kauri inapozama ndani ya ganda la chuma. Pete nyembamba ya rangi nyeusi pale chini, na ncha iliyo safi juu yake, ni habari njema. Masizi makavu mpaka kwenye ncha ni petroli iliyozidi, choki iliyobaki imefungwa, au safari fupifupi za sokoni ambazo haziipashi injini. Weusi wenye unyevu wa kuteleza ni oili, na hapo maradhi yako kwenye ringi za pistoni au miongozo ya valvu. Hakuna plagi duniani itakayoyatibu. Kauri nyeupe pe yenye malengelenge ni moto uliopita kiasi. Na punje ndogo zinazong'aa kama fedha juu ya kauri ni vipande vya pistoni yenyewe. Akiziona hizo, mtu asiliwashe gari tena mpaka ajue chanzo.

Usomaji huo una masharti. Plagi zilizotolewa baada ya gari kunguruma nusu saa uani zitasema habari za uani tu. Gari linatakiwa liendeshwe kwa mwendo wa kawaida kilomita kadhaa, kwenye barabara tulivu isiyo na malori nyuma, kisha klachi ikanyagwe, injini izimwe na gari lisogezwe pembeni taratibu bila kufunga usukani. Injini ikipoa, plagi zitolewe na kupangwa kwa mpangilio wa silinda. Kwenye injini ya kabureta mbili kama ya 240Z, mpangilio huo ni nusu ya jibu: tatu za mbele zikiwa nyeusi na tatu za nyuma zikiwa safi, kabureta ya mbele imejieleza.

Swali linaloulizwa sana siku hizi ni la plagi za iridiamu. Ni plagi nzuri. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400 za Selsiasi, wakati nikeli haifiki 1,500, ndiyo maana ncha yake inaweza kuchongwa nyembamba kama sindano na bado ikadumu. Ncha nyembamba huhitaji volti pungufu kuruka, jambo linalosaidia koili iliyochoka. Lakini uimara huo ulikusudiwa magari ambayo kompyuta hupima petroli na plagi hukaa miaka bila kuguswa. Kwenye kabureta, plagi hufunguliwa mara kwa mara ili isomwe, na iridiamu ikishalowa masizi haitakiwi kusuguliwa kwa brashi ya waya wala msasa. Kwa gari linalotumika wikendi, seti mpya ya plagi za kawaida kila mara inapohitajika ina faida zaidi kuliko seti moja ya ghali inayolindwa kama dhahabu. Kuna magari yenye mila zake, kama zile Alfa Romeo zinazoonekana kwenye maonyesho ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambazo asili yao ni plagi za Lodge zenye elektrodi nne za pembeni. Hapo mwenye gari anayetafuta kile kile cha asili asibezwe.

Mwanya nao una kitabu chake. Kwa mfumo wa kuwasha wa pointi, 240Z hutaka karibu milimita 0.8, na MGB karibu 0.64. Aliyebadilisha pointi kwa kifaa cha kielektroniki anaweza kuongeza kidogo, kwa kufuata maelezo ya kifaa hicho, na hapo plagi za R au waya zenye ukinzani mara nyingi huhitajika. Mwanya upimwe kwa fila geji hata kama boksi limeandika kwamba umeshapimwa. Katoni huanguka bandarini, huanguka kwenye lori, huanguka dukani.

Unyevu wa pwani unastahili kutajwa peke yake. Usiku wa kusi, chumvi na mvuke hutanda juu ya kauri ya nje, na umeme ukakimbilia kwenye chuma badala ya kuruka mwanyani. Kufuta kauri hiyo na vifuniko vya waya kwa kitambaa kikavu kumeponya injini nyingi zilizoshtakiwa kwa makosa mengine. Kufunga nako kuwe kwa vidole kwanza, injini ikiwa baridi, mpaka washa iguse. Kisha spana imalizie nusu mzunguko au zaidi kidogo. Hedi ya aluminiamu haivumilii mkono wa kufungia tairi.

Halafu kuna bidhaa ghushi. Kenya ina sheria ya kupambana nazo tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini mlinzi wa kwanza wa mnunuzi ni macho yake mwenyewe. Plagi halisi ina nyuzi laini zisizokwaruza kidole, maandishi makali yasiyofifia, elektrodi ya pembeni iliyokaa sawasawa juu ya ile ya kati, na washa ambayo haichomoki kirahisi ikizungushwa. Ya bandia huweza kuwa na kauri inayopasuka ndani ya silinda. Anayeokoa shilingi mia mbili kwenye plagi ya injini ambayo vipuri vyake huagizwa Japani au Uingereza amefanya biashara mbaya.

Ujuzi wa haya yote bado uko mitaani. Bodaboda nyingi bado zina kabureta, na fundi kijana aliyeketi kwenye kigoda kando ya barabara ya Mjambere hufungua plagi kila siku, huiangalia, kisha hugeuza skrubu ya hewa robo mzunguko. Plagi anayoishika ni ndogo, ya milimita 12 au 10, lakini masizi ni yale yale na sababu zake ni zile zile. Kijana huyo yuko karibu na 240Z kuliko mwanafunzi aliyefundishwa kuchomeka kompyuta pekee. Wenye magari ya zamani wangefanya vyema kumfuata, wakamwonyesha kitabu cha gari, wakamlipa kwa muda wake wa kusoma plagi na si kwa kubadilisha tu.

Na vyuo visiifute kabureta kwenye mafunzo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na vyuo vya ufundi vya kaunti, vinaweza kuwaalika mafundi wazee wa Kisauni na Changamwe kwa somo la asubuhi moja. Vifaa vyake havigharimu kitu: plagi kumi zilizotupwa, jiliwa na msumeno wa chuma. Plagi ya moto na ya baridi zikikatwa katikati kwa urefu na kuwekwa mezani pamoja, kauri ndefu na kauri fupi huonekana kwa macho, na mwanafunzi hatahitaji kukariri ni ipi inayoshika joto.